Mate Kwanza, Damu Baadaye

Mfugaji anayekagua ndama asubuhi huanza na sikio. Hulikunja, hulifungua kwa kidole gumba, na humo ndani, penye ngozi laini na nywele chache, huwakuta kupe wa kahawia wamebanana. Wachanga ni bapa na wanang'aa. Majike yaliyokaa siku kadhaa yamefura na rangi imegeuka kijivu. Akimng'oa mmoja, mara nyingi hutoka na kitu cheupe kimemganda mdomoni. Wengi hudhani ni kipande cha ngozi ya ng'ombe, na si uongo, kipo kidogo. Kilichobaki ni ute ambao kupe aliutema mwanzoni, alipokuwa akizamisha mdomo, ukakauka na kuwa saruji ya kumshikilia.

Kupe huyo, Rhipicephalus appendiculatus kwa jina la kitaalamu, ndiye mwenye kesi nzito kuliko wenzake wote Afrika Mashariki, kwa kuwa ndiye anayeeneza ndigana kali, ugonjwa unaotajwa kuua zaidi ya ng'ombe milioni moja kwa mwaka kuanzia Sudan Kusini hadi kusini mwa bara. Jike lake hukaa papo hapo wiki nzima, pengine zaidi kidogo, bila kuhama. Muda huo unashangaza kuliko damu yenyewe. Mwiba ukikuingia kidoleni, kesho yake pamevimba, keshokutwa pana usaha, na mwili umeshaanza kuusukuma nje. Kupe amezamisha chombo chenye meno yaliyoelekea nyuma, amekata mishipa midogo ya damu, amechimba kidimbwi chini ya ngozi na anakunywa humo mchana na usiku. Damu ya kidimbwi hicho haigandi. Ngozi haifuri kiasi cha kumtema. Ng'ombe, mnyama ambaye nzi akimtua tu anapiga mkia, anaendelea kula majani.

Kinga ya mwili ipo, wala si goigoi. Imekosa habari tu, kwa sababu habari zimezuiwa njiani.

Tumezoeshwa kumwona kupe, mbu, mbung'o na usubi kama sindano chafu: kijidudu kimo ndani, mdudu anachoma, kijidudu kinaingia. Maelezo hayo yanatosha kwa bango la ukutani, lakini yamewachelewesha watafiti kwa miongo kadhaa. Sindano ikishachoma haina haja tena na aliyechomwa. Kupe ana haja naye kwa siku saba nyingine, na sehemu kubwa ya anachokitema katika siku hizo inaelekezwa kwenye kinga yake. Vijidudu vya magonjwa vilifika baadaye, vikakuta kazi ngumu imeshafanywa na mwingine.

Ngozi inapokatwa, chembe sahani za damu hukimbilia jeraha na kushikamana ili kuliziba. Seli za masti, ambazo makazi yake ni ngozini, humwaga histamini. Hiyo hupanua mishipa, huleta uvimbe na, jambo lenye uzito mkubwa katika habari hii, huleta mwasho. Protini za damu ziitwazo komplementi huamshana moja baada ya nyingine hadi zinatoboa na kuua kilicho kigeni. Seli za jirani hutoa kemokini, yaani kemikali za kuwaita askari wa damu, na nyutrofili ndizo hufika za kwanza. Siku zinazofuata, seli za dendriti huchukua vipande vya mvamizi na kuvipeleka kwenye tezi, huvionyesha kwa seli T, na mwishowe mwili hutengeneza kingamwili za kumtambua akija tena. Ni mpango mzuri. Kupe ana jibu kwa kila hatua, na kwa hatua nyingine ana majibu matatu.

Chukua histamini. Mwaka 1999 watafiti waliokuwa Oxford walieleza protini za mate ya kupe wa masikio zinazoishika histamini yenyewe. Vidonge vya mzio tunavyonunua duka la dawa huziba mahali ambapo histamini ingejishikiza kwenye seli. Protini hizi huikamata kabla haijafika huko. Moja kati yake ina nafasi mbili, yaani hubeba molekuli mbili za histamini kwa mpigo. Jike lina aina zake, na dume pamoja na kupe wachanga wana aina yao. Ng'ombe asipowashwa hajikuni, hajisugui mtini, hajilambi. Kwa kupe aliye mahali ulimi unapofika, hilo ni suala la uhai.

Dume naye anastahili mistari yake. Hunywa damu kidogo tu, na kwa muda mrefu alionekana yuko pale kwa ajili ya kujamiiana na si vinginevyo. Mwaka 1998 ilichapishwa taarifa fupi katika jarida la Nature kwamba dume wa kupe huyu hutema protini zinazoshika kingamwili za mwenyeji, na kwamba jike anayenyonya kando ya dume hushiba vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, dume hupunguza silaha za ng'ombe mahali mke wake anapokula. Katika wanyama wote wenye sifa mbaya, ni wachache wenye ndoa iliyopangwa vizuri namna hii.

Kemokini nazo zina wa kuzishughulikia. Katika mate ya kupe wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus, zimepatikana protini ndogo zilizopewa jina la evasini, kila moja ikiwa na kemokini zake inazozikamata. Kemikali ya wito imetolewa, lakini haifiki, na nyutrofili zinabaki ndani ya mshipa zikipita na njia yao. Mwaka 2013 ikaelezwa protini nyingine kutoka kwa kupe wetu wa masikio, japanini, inayofanya jambo la hila zaidi: inazigeuza tabia seli za dendriti. Seli hizo haziuawi. Zinaendelea kuishi, ila ujumbe zinaoupeleka kwenye tezi si ule wa hatari. Nadhani hapo ndipo uhodari wa mate haya unapoonekana kuliko penginepo. Kuua seli ya kinga kungeacha mabaki na mabaki yangezua kelele; kuipotosha hakuachi kitu.

Kuyapata mate yenyewe kwa uchunguzi ni kazi ya subira. Kupe aliyeshiba nusu hung'olewa kwa mnyama, hulazwa na kubandikwa ili asitambae, mdomo wake huingizwa kwenye mrija wa kioo mwembamba sana, kisha hupewa pilokapini, dawa ambayo wenye presha ya macho wanaifahamu. Kupe huanza kudondokwa na mate. Mtafiti hukaa. Baada ya muda mrefu hupata mikrolita chache, kiasi ambacho hakitoshi kulowesha ncha ya kidole, na humo zimo protini za mamia ya aina. Akirudia kazi hiyohiyo kwa kupe aliyekaa siku mbili zaidi, orodha ya protini imebadilika. Kingamwili ambazo mwili umehangaika kuzitengeneza dhidi ya mate ya juzi huwasili na kukuta mate mengine.

Kuna sababu nyingine ya mate kuwa mengi, nayo haina staha. Damu ni maji kwa sehemu kubwa, na jike anayekaribia kuongezeka uzito mara mia hana pa kuyaweka maji hayo. Hakojoi yakaisha. Huchuja damu, hubakiza virutubisho, na takriban asilimia 70 ya maji na chumvi alivyovinywa huvirudisha kwa ng'ombe kupitia mdomo uleule. Kwa hiyo si kwamba anatema mara moja anapoanza na kisha ananyonya tu. Ananyonya, anatema, ananyonya, anatema, siku zote hizo. Chochote kilichomo kwenye tezi zake za mate kina nafasi nyingi za kuvuka.

Ushahidi kwamba mwili unaweza kujifunza kumkataa kupe ni wa zamani. Mwaka 1939 William Trager, aliyekuwa Marekani katika Taasisi ya Rockefeller, aliwaweka viluwiluwi vya kupe wa mbwa wa Marekani, Dermacentor variabilis, juu ya simbilisi. Mara ya kwanza walishiba wengi. Alipowarudishia simbilisi walewale kundi jipya, wengi walishindwa kushiba. Ngozi ilikuwa imebadilika: palipoumwa palijaa seli nyeupe. Baadaye ilibainika kwamba kati ya seli hizo basofili zina sehemu kubwa, na basofili ni seli zilizosheheni histamini tele ndani yake. Tunarudi palepale: mwasho, uvimbe, kujikuna. Kinachoonekana kama usumbufu wa kuumwa na mdudu ndiyo kazi ya kinga yenyewe. Mdudu hatuletei mwasho. Mwasho ni wetu, na yeye angependa usiwepo.

Lakini simbilisi hakuishi na kupe huyo katika mageuzi yake. Panya wa porini, ambao kupe wengi hukulia kwao, mara nyingi hawajifunzi kitu hata wakiumwa mara nyingi. Kupe wa mara ya tano hushiba kama wa kwanza. Aliyekaa na mgeni muda mrefu ndiye aliyezoeshwa. Ng'ombe wanatupa sura nyingine. Zebu, wenye nundu, wakishaumwa kwa muda hubaki na kupe wachache, ilhali ng'ombe wa damu ya Ulaya katika malisho yaleyale hubeba mzigo. Mfugaji aliyenunua mtamba wa maziwa kwa mkopo huligundua hili mapema, na hahitaji maabara.

Mbu hukaa dakika chache tu, kwa hiyo mate yake hayana haja ya kuhangaika na kingamwili za wiki ijayo. Kazi yake kubwa ni kuzuia damu kuganda na kupanua mishipa. Hata hivyo mwili huyakumbuka. Mwaka 1946 Kenneth Mellanby alieleza hatua ambazo mtu hupitia: asiyewahi kuumwa haoni kitu, akiendelea kuumwa huvimba siku inayofuata, kisha huvimba papo hapo na kesho pia, kisha papo hapo tu, na mwishowe, akiumwa sana kwa muda mrefu, harudii kuvimba. Ndiyo maana mgeni anayefika pwani mikono yake hujaa vipele vyekundu huku mwenyeji wake akimhakikishia kwamba hakuna mbu. Wote wawili wanasema kweli.

Sasa vijidudu. Thogoto ni eneo lenye msitu karibu na Nairobi, na mwaka 1960 kupe waliotolewa kwa ng'ombe wa huko walipatikana na virusi ambavyo havikuwa vimejulikana, vikaitwa kwa jina la mahali. Miaka 27 baadaye virusi hivyo vilileta utata mzuri. Kanuni iliyofundishwa vyuoni ilikuwa kwamba mdudu hupata virusi kwa kunywa damu yenye virusi. Damu ikiwa safi, mnyama si hatari. Linda Jones, Patricia Nuttall na wenzao wakawaweka kupe wa masikio wenye virusi vya Thogoto pamoja na kupe safi juu ya simbilisi mmoja. Katika damu ya simbilisi hawakuona virusi. Kupe safi waliambukizwa vilevile. Virusi vilikuwa vimetoka kwa kupe mmoja hadi mwingine kupitia ngozi, bila mnyama kuugua. Walipochanganya virusi na dondoo la tezi za mate za kupe na kuuchoma mchanganyiko huo kwa simbilisi, kupe wengi zaidi waliambukizwa kuliko pale virusi vilipochomwa peke yake. Dondoo hilo halikuvigusa virusi, liliigusa ngozi.

Matokeo hayo yana maana mbaya kwa mtu anayepima hatari kwa kupima damu. Mnyama anayeonekana mzima kwa kila kipimo anaweza kuwa uwanja wa kupeana virusi, mradi kupe wananyonya karibu karibu. Na kupe wa masikio, tumeona, hupenda kubanana.

Mwaka 1988 Richard Titus na José Ribeiro walifanya jambo la aina hiyo kwa usubi. Walichoma panya vijidudu vya leishmania, kundi moja vikiwa peke yake na jingine vikiwa na mate kidogo ya usubi. Vidonda vya kundi la pili vilikuwa vikubwa mara kadhaa, na vijidudu ndani yake vilizidi kwa mbali sana. Wanaoishi Baringo na Turkana, ambako kala-azar huenezwa na usubi anayejificha kwenye vichuguu, hawana haja ya kuambiwa kwamba idadi ya vijidudu si hesabu pekee. Mwaka 2005 ikaja zamu ya Borrelia ya ugonjwa wa Lyme Marekani: bakteria huyo hujivika protini ya mate ya kupe, Salp15, na kingamwili zikimjia hazimpati. Protini hiyohiyo hujishikiza kwenye seli T na kuzituliza. Mwaka 2010 ilionekana kwamba vimelea vya malale, vikishakaa katika tezi za mate za mbung'o, hupunguza protini za kuzuia damu kuganda. Mbung'o hapati damu kwa urahisi, anarudia kuchoma, anahamia kwa mtu mwingine, na kila anapochoma anaacha vimelea. Yaani kimelea kimeharibu mate ya mdudu kwa manufaa yake. Uaminifu ni bidhaa adimu katika sekta hii.

Ndigana kali nayo imo. Kimelea chake, Theileria parva, hakiko tayari kupe anapojishikiza. Hukomaa ndani ya tezi za mate wakati kupe ananyonya, na siku ya nne hivi ndipo humwagika kwa wingi. Ndiyo sababu kuogesha ng'ombe mara moja au mbili kwa wiki kunafaa hata kama kupe hawaishi: anayekufa siku ya tatu hajaambukiza bado. Kimelea kikiingia kinazivamia seli nyeupe na kuzilazimisha kugawanyika ovyo, mithili ya saratani, na tezi chini ya sikio huvimba kabla homa haijapanda. Mwaka 1993 ilionyeshwa maabara kwamba dondoo la tezi za mate za kupe huongeza idadi ya seli nyeupe zinazovamiwa. Mate yaliyokusudiwa kumlinda kupe dhidi ya seli nyeupe yamezilainisha kwa ajili ya mwingine.

Kama bado kuna mtu anayeona athari ya mate huishia pale kupe alipo, amwangalie kupe mwenye madoadoa, Amblyomma variegatum. Kuna ugonjwa wa ngozi wa ng'ombe unaoletwa na bakteria Dermatophilus congolensis: magamba mazito, manyoya kushikana, ngozi kuchubuka. Kupe huyo habebi bakteria huyo. Lakini ng'ombe aliyejaa kupe hawa hupata magamba makali, na huyapata mgongoni, ilhali kupe wako tumboni na kwenye kiwele. Visiwa vya Karibi, ambako kupe huyu alifikishwa na ng'ombe kutoka Afrika Magharibi, vimelijua hilo kwa hasara. Ukiwaondoa kupe, ngozi hupona. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mate yameishusha kinga ya mnyama mzima, si ya shimo moja.

Papasi ni habari tofauti kidogo. Hakai kwa wiki. Hujificha kwenye nyufa za ukuta wa udongo na mavumbi ya sakafu, hutoka usiku, hunywa kwa nusu saa au karibu saa, na kurudi nyufani, ambako anaweza kukaa miaka bila chakula. Mwaka 1905 Joseph Dutton na John Todd wa Liverpool walionyesha, huko mashariki mwa Kongo, kwamba papasi ndiye anayeeneza homa ya kurudi rudi. Dutton aliugua homa hiyo na akafa Kasongo mwezi Februari mwaka huo. Bakteria anaitwa kwa jina lake, heshima ambayo huenda asingeichagua. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliona bakteria hao hadi kwenye mayai ya papasi. Wilaya za Dodoma zimeendelea kuijua homa ya papasi kwa muda mrefu, wajawazito na watoto wachanga wakiumia zaidi, na kilichoipunguza mahali pengi ni sakafu ya saruji na ukuta usio na nyufa.

Kwa kuwa papasi ana haraka, mate yake yameshikilia mambo ya haraka: kuganda kwa damu na komplementi. Mwaka 1990 ilielezwa protini yake ndogo ya asidi amino 60 inayozuia faktori Xa, hatua ya katikati katika kuganda kwa damu. Yenyewe haikuwa dawa, lakini ilisaidia kuonyesha kwamba faktori Xa ni mahali pazuri pa kulenga, na leo vidonge vinavyolenga hapohapo vinamezwa na wagonjwa wa moyo na wenye mabonge ya damu duniani kote. Protini nyingine ya papasi hushika C5, kiungo kimoja cha mnyororo wa komplementi, na pamoja nacho leukotrieni B4, kemikali inayoita seli nyeupe. Imetengenezwa kiwandani kwa jina la nomacopan na kujaribiwa kwa wagonjwa ambao komplementi yao huangamiza chembe nyekundu zao wenyewe. Familia nyingi za Dodoma zimeipokea usiku, bila malipo na bila ya kuomba.

Mara chache mwili hupata habari, na huzipata vibaya. Kusini-mashariki mwa Marekani watu wazima waliokula nyama maisha yao yote walianza kupata vipele, kubanwa kifua na hata kuzimia, saa kadhaa baada ya kula ng'ombe, nguruwe au kondoo. Mtaalamu wa mzio Thomas Platts-Mills na wenzake wa Virginia waliunganisha hali hiyo na kingamwili dhidi ya alfa-gali, sukari iliyomo katika miili ya wanyama wanyonyeshao isipokuwa binadamu, nyani wakubwa na tumbili wa upande wetu wa dunia. Na chanzo wakakiona kwa kupe, ambaye huitema sukari hiyo kwenye ngozi pamoja na mate yake. Platts-Mills mwenyewe alirudi matembezini na viluwiluwi vya kupe miguuni, na baadaye akala nyama ya kondoo akaamka usiku na vipele. Kupe huyo ni Amblyomma americanum, ndugu wa huyu wetu mwenye madoadoa. Kwa mtu wa Arusha au Nairobi, adhabu ya kunyimwa nyama choma kwa kosa la mdudu ni kali kuliko kanuni yoyote ya sheria.

Kwa kuwa mate ndiyo hutangulia, kwa nini tusichanje dhidi yake? Swali limeulizwa tangu Trager, na majibu yamekuwa ya kukatisha tamaa kwa sababu ambazo msomaji ameshazihisi: protini ni mamia, zinabadilika, na kila kazi ina wafanyakazi watatu. Ukiizuia moja, mbili zinaendelea. Chanjo ya kupe iliyofanikiwa kibiashara ilikwepa mate kabisa. Australia na Cuba, miaka ya 1990, zilitoa chanjo zilizotokana na Bm86, protini iliyo ndani ya utumbo wa kupe wa ng'ombe wa Australia. Ng'ombe hakutani nayo kamwe akiumwa, kwa hiyo kupe hakuwahi kulazimika kuitafutia kinga. Kingamwili zinamfuata kupe ndani ya damu anayoinywa na kumharibu tumbo. Ni wazo zuri, ila kwa kupe wetu wa masikio halikufanya kazi ya maana.

Huku kwetu njia iliyoshika ni nyingine. Muguga, nje ya Nairobi, miaka ya 1970 ilipatikana chanjo ya ndigana kali ambayo haina aibu juu ya asili yake: kupe walioambukizwa hulishwa kwa sungura hadi vimelea vikomae, husagwa, na vimelea hai vya aina tatu hugandishwa kwenye naitrojeni ya maji. Ndama huchomwa ndigana yenyewe na papo hapo huchomwa oksitetrasaiklini ya kudumu, augue kidogo na apone. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea kwa bidii, na ndama aliyechanjwa hupewa hereni na bei yake sokoni hupanda. Inafanya kazi. Ila inamfundisha ng'ombe kukitambua kimelea, na kupe haimgusi. Ng'ombe mwenye hereni bado ni chakula cha kupe, bado anaweza kupata ndigana baridi, maji moyo na kukojoa damu, na mwenye kumpeleka joshoni kwa kusuasua eti amechanjwa atayapata yote matatu.

Kwa anayeng'oa kupe mwilini mwake au kwa mbwa wake, haya yote yana maana moja ya vitendo. Kumchoma kwa njiti, kumpaka mafuta ya taa au kumkamua kwa vidole kunaweza kumfanya ateme zaidi. Kibano kikishika karibu kabisa na ngozi, kikavuta moja kwa moja bila kusokota, kinatosha.

Mwaka 2021 kundi la Erol Fikrig, Chuo Kikuu cha Yale, lilirudi kwenye mate kwa zana mpya. Lilitengeneza chanjo ya mRNA yenye maelekezo ya protini 19 za mate ya kupe wa Lyme kwa mara moja, kwa hoja kwamba kama adui ana wafanyakazi wengi basi wasakwe wengi. Simbilisi waliochanjwa walipowekewa kupe, ngozi iliwaka nyekundu mapema na kupe wakaanza kujing'oa kabla ya kushiba. Kupe wenye Borrelia walipoondolewa pale wekundu ulipojitokeza, hakuna simbilisi aliyechanjwa aliyeambukizwa, wakati karibu nusu ya wale ambao hawakuchanjwa waliambukizwa. Chanjo hiyo haikuwa na kitu chochote dhidi ya Borrelia. Ilichorudisha ni taarifa: hapa pana kitu, kiangalie. Kwa binadamu mwenye macho na vidole hilo lingetosha, kwa kuwa bakteria wa Lyme huhitaji zaidi ya siku moja kuvuka. Kwa panya wa maabara chanjo ileile haikuwafukuza kupe. Na ng'ombe hana vidole: hata akiwashwa ana ulimi, mti wa kujisugua na mkia, na kwa kupe aliye ndani ya sikio vyote vitatu havifiki. Chanjo ya mate kwa ng'ombe italazimika kumwangusha kupe bila msaada wa mwenye kuumwa, tena kabla ya siku ya nne.